Jinsi ya kujua namna paka wako anavyoonyesha mapenzi, na namna ya kumjibu

Malalamiko huwa yale yale kila wafugaji wa paka wanapokutana. "Wa jirani anapakatwa kama mtoto, wangu hata kuguswa hataki. Namlisha mimi, ananipa mgongo." Mwingine ana paka wawili waliozaliwa tumbo moja: mmoja humfuata mpaka mlango wa choo, mwenzake huonekana saa ya dagaa tu. Mwenye nyumba ameshaamua kwamba wa kwanza anampenda na wa pili anamtumia.

Mara nyingi hukumu hiyo inamwonea yule wa pili. Naye anapenda, ila anaonyesha kwa ishara ambazo hakuna aliyekaa kuzitazama, au anazuiwa na jambo lililompata akiwa na wiki nne, kabla hamjaonana. Mwongozo huu ni wa kumjua paka mmoja tu, huyo wako. Unahitaji daftari, wiki mbili hivi za kutazama, na mkono usio na pupa. Nimewafikiria hasa wenye paka wa kienyeji, hawa wa mabarazani na majikoni kwetu, wanaotoka na kurudi wapendavyo.

Hatua ya 1: Chunguza alikotoka

Anza hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya tofauti unayoiona leo iliwekwa zamani. Mtoto wa paka hujifunza kumzoea binadamu hasa kati ya wiki ya pili na ya saba tangu kuzaliwa. Eileen Karsh, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Temple nchini Marekani, alilionyesha hilo miaka ya 1980: waliopakatwa kila siku katika wiki hizo walikua wakiwaendea watu, na waliopakatwa muda mrefu zaidi kwa siku waliwaendea zaidi. Walioanza kushikwa baada ya hapo walibaki na wasiwasi, hata walipolelewa vizuri.

Sasa fikiria wetu huzaliwa wapi. Juu ya dari, nyuma ya magunia stoo, kwenye banda la kuku lililoachwa. Mama akihisi watu wamemgundua, anawabeba kwa shingo mmoja mmoja na kuwahamishia pengine. Watoto wanashuka wenyewe wakiwa na miezi miwili, na mkono wa kwanza wa binadamu wanaokutana nao ni ule unaowafukuza jikoni. Paka wa namna hiyo akija kulala hatua tatu kutoka ulipo, amekupa kitu kikubwa.

Kuna urithi pia. Mwaka 1995 Sandra McCune alichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa madume wachangamfu na watoto wa madume waoga. Dume halilei, hao watoto hawakuwahi kukaa na baba yao. Hata hivyo watoto wa dume jasiri walikuwa wepesi zaidi kumkaribia mtu wasiyemjua na kitu kigeni. Ongeza na hili, ambalo wengi hulisikia kwa mshangao: jike mmoja anaweza kupandwa na madume kadhaa katika joto moja, yaani kipindi kimoja cha kutaka dume, na watoto wa tumbo moja wakawa na baba tofauti. Wale wawili wa yule mwenye nyumba, mmoja wa kumfuata na mwingine wa kujitenga, huenda mmoja ni mwana wa shume wa sokoni na mwingine ni wa paka mpole wa msikitini.

Ukoo nao una nafasi yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, walikusanya taarifa za paka zaidi ya 5,700 mwaka 2019 na kukuta kwamba paka wa aina ya British Shorthair ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kutotafuta ukaribu wa watu, huku Korat na Devon Rex wakiwa upande wa pili. Kwetu pwani tunaye paka wa Sokoke, ambaye Wagiriama walimjua zamani kwa jina la kadzonzo. Ufugaji wake wa kisasa ulianzia Watamu, Kenya, mwaka 1978, Jeni Slater alipochukua watoto wa paka aliowakuta shambani kwake, na baadaye baadhi yao wakapelekwa Denmark. Wanaomfuga humsifu kwa kushikamana na mtu wake. Lakini paka wengi wa mitaani kwetu ni mchanganyiko usiofuatilika, kwa hiyo usimhukumu kwa rangi wala kwa manyoya.

Andika basi ukurasa wa kwanza wa daftari: alipatikana wapi, akiwa na umri gani, nani alimshika kwanza, aliwahi kupigwa au kufukuzwa kwa ufagio, alikuwa peke yake au na nduguze. Usilolijua, liache wazi.

Hatua ya 2: Mtazame wiki moja bila kumgusa wewe kwanza

Hii ndiyo hatua ngumu kwa mtu mwenye mapenzi. Kwa wiki moja usimbebe, usimvute, usimwite ili umguse. Mlishe kama kawaida, zungumza naye kama kawaida, na akija mwenyewe mpokee. Andika mambo manne tu: saa ngapi amekuja, ulikuwa unafanya nini, alisimama au alikaa umbali gani, na mkia wake ulikuwaje.

Baada ya siku chache utaona mpangilio. Wengi huchangamka alfajiri na magharibi, kwa kuwa ndizo saa za mawindo za paka. Wengi pia huja unapokuwa umekaa chini, kimya, macho yako yako kwingine. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Waislamu paka huja kwenye mswala alfajiri: mtu yuko chini, mwendo wake ni wa taratibu, hamkodolei macho, hanyooshi mkono kumkamata. Kwa paka mwenye hofu hakuna mtu wa kumkaribia aliye bora kuliko huyo. Wenye mashaka kuhusu usafi wanakumbuka hadithi ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, akasimulia kwamba Mtume alifundisha paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani.

Atakapokuja hivyo, baki kama ulivyo. Daftari litajaa lenyewe.

Hatua ya 3: Zisome ishara moja moja

Mkia usimame wa kwanza katika orodha yako. Paka anayekuja kwako mkia umenyooka juu, ncha imepinda kidogo, anakusalimu salamu ambayo watoto wa paka humpa mama yao na paka wanaopatana hupeana. Huifanya akiwa mbali, kabla hajafika miguuni. Paka wengi wanaoitwa wakavu hutoa salamu hii kila jioni mwenye nyumba anaporudi kazini, naye anapita moja kwa moja kuweka mkoba.

Kujisugua ni hatua ya pili ya salamu hiyo hiyo. Mashavuni, kidevuni, kwenye paji la uso na karibu na shina la mkia paka ana tezi za harufu. Anapokupiga kichwa gotini au kupitisha shavu kwenye kiwiko, anakupaka harufu yake, na kwa paka harufu moja maana yake ni jamaa mmoja. Wengine hawamsugui mtu bali mguu wa kiti alichokalia, au kizingiti anapopita, huku wakimwangalia. Mtu mwenye papara haioni hiyo. Mimi naihesabu sawa na kusuguliwa mwenyewe, hasa kwa paka aliyetoka mtaani.

Macho yanahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo lugha ya paka waoga. Paka akikutazama kisha akafumba macho polepole nusu, akayafumbua, akafumba tena, yuko katika utulivu nawe. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth nchini Uingereza waliwaomba wenye paka wafanye hivyo hivyo kwa paka wao, na paka wakajibu kwa kufumba zaidi kuliko pale walipoachwa bila ishara. Katika sehemu ya pili ya utafiti mgeni kabisa ndiye aliyewafumbia macho, na paka wakawa wepesi zaidi kuusogelea mkono wake alipounyoosha. Kwa hiyo hiyo si ishara ya kusoma tu, unaweza kuitumia kuzungumza. Mtazame kwa ulaini, usikodoe, legeza kope mpaka zikaribie kufungana, shikilia kidogo, fumbua, kisha geuza uso pembeni. Rudia mara mbili, halafu mwache.

Kukoroma, ule mngurumo wa kifuani, watu wote wanaujua na wengi wanauamini kupita kiasi. Paka hukoroma akiwa ameridhika, ndiyo, lakini hukoroma pia akiwa na maumivu, akizaa, hata akikaribia kufa. Usikilize pamoja na mwili: mwili umelegea, miguu imekunjwa chini ya kifua, macho mazito, hapo ni raha. Mwili umekaza, kichwa kimeinama, hataki chakula, hapo ni jambo jingine kabisa. Kuna na mkoromo wa kuomba. Karen McComb wa Sussex aliuchunguza mwaka 2009 na kukuta ndani yake kuna sauti nyembamba ya juu, inayokaribia kilio cha mtoto mchanga, ambayo katika mkoromo wa kawaida ni hafifu. Ndiyo maana ule wa saa kumi na moja alfajiri unakuamsha na ule wa usiku unakulaza.

Kukanda kwa miguu ya mbele, kulia kwa kushoto, kama anayekanda unga wa chapati, ni desturi aliyoibakiza tangu kunyonya, alipokuwa akilibonyeza ziwa la mama ili maziwa yashuke. Paka mzima anayekukanda tumboni au kwenye khanga uliyoivaa anakuweka mahali pa mama. Makucha yakiuma, weka kitambaa kizito pajani na mkate kucha ncha tu. Usimsukume chini, kwa sababu hataelewa kosa lake.

Sauti hutofautiana mno. Paka wazima hawaliliani nyau mara nyingi wao kwa wao. Kilio hicho wamekikuza kwa ajili yetu. Mmoja atakusimulia habari ya mchana kutwa, mwingine atafungua mdomo bila sauti kutoka. Wote wawili wanasema nawe. Na yule usiyemsikia kabisa usimdhanie hakusikii: Atsuko Saito na wenzake huko Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba paka huitambua sauti ya mwenyewe wao kati ya sauti za wageni, wakageuza masikio na vichwa, lakini wengi hawakuinuka walipokuwa. Miaka sita baadaye wakaonyesha kwamba wanayatambua hata majina yao. Kwa hiyo ukimwita na sikio moja likageuka, umeshajibiwa.

Mjusi, panya nusu, mende anayetapatapa mlangoni kwa chumba chako: usikemee. Mama paka huwaletea watoto wake mawindo, kwanza yaliyokufa, baadaye yaliyo hai ili wajifunze. Paka mzima hubeba alichokamata mpaka mahali anapojiona yuko salama. Akichagua miguuni pako, ameshataja mahali pake pa salama ni wapi. Mshukuru kwa sauti ya kawaida, ondoa kitu kwa karatasi, nawa mikono kwa sabuni.

Mwisho wa orodha, na kwangu ndiyo ishara yenye uzito kuliko zote: kukaa karibu bila kugusa. Chausiku, paka mweusi wa nyumbani kwetu, hapandi paja la mtu yeyote. Lakini ninapoosha vyombo uani yupo juu ya ndoo, ninapoandika yupo dirishani, taa ikizimwa yupo mlangoni mwa chumba. Ukihamia chumba kingine, ndani ya dakika kumi naye amehamia, akijifanya ana shughuli zake. Paka anayekupa mgongo huku amekaa karibu nawe anakuachia upande asiouona. Mnyama mdogo anayewindwa na mbwa na kupigwa mawe na watoto hafanyi hivyo kwa mtu asiyemwamini.

Hatua ya 4: Tenganisha mapenzi na mambo yanayofanana nayo

Njaa ni rahisi kuijua. Mpe chakula, aliyekuja kwa chakula atakula na kuondoka, aliyekuja kwako atakula na kurudi, au atakusubiri usimame karibu ndipo ale. Usimdharau huyo wa kwanza, lakini usimhesabie katika daftari.

Joto la jike ndilo linalowapotosha watu zaidi. Jike ambaye hajafungwa kizazi, pengine kuanzia miezi minne au mitano, ghafla anakuwa mpole kupindukia: anajibiringisha sakafuni, anajisugua kila kona, analia kwa sauti nzito ya kuvuta, na ukimgusa mgongoni anainua makalio na kusogeza mkia pembeni. Wenyewe hufurahi, "ameanza kunizoea!" Siku chache baadaye hali inaisha, na wao wanaumia wakidhani amewachukia. Hakuchukia kitu. Alikuwa akitafuta dume, na kama alitoka nje tarajia watoto baada ya wiki tisa hivi. Akishafungwa kizazi utamjua tabia yake halisi, na kwa madume ni hivyo hivyo: dume lililohasiwa hupunguza kuzurura na kupigana, likapata muda wa kukaa na watu.

Kulala chali akionyesha tumbo kunaonyesha anakuamini. Hakumaanishi kwamba amekupa ruhusa ya kulishika. Wapo paka wanaopenda tumbo lipapaswe, ni wachache, na wengi wataushika mkono kwa miguu yote minne. Mtu anayejeruhiwa hapo husema paka ni kigeugeu. Hapana, ameingia mahali ambapo hakualikwa.

Hatua ya 5: Mguse kwa mpango

Sasa unaweza kuanza kugusa. Kaa chini, au inama ubavu ukiwa umemwelekea, usimsimamie juu ya kichwa. Nyoosha kidole kimoja au ngumi iliyolegea, usawa wa pua yake, umbali wa kiganja kimoja, na usiusogeze zaidi. Akija akanusa na kukusugua, umeruhusiwa. Akinusa na kubaki, subiri. Akigeuza uso, rudisha mkono na ufurahi kwamba amekujibu kwa adabu.

Anza shavuni, nyuma ya masharubu, kisha chini ya kidevu, kisha kati ya jicho na sikio. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, mwaka 2015 ulipima sehemu mbalimbali za mwili, na karibu na shina la mkia ndipo palipowaudhi paka zaidi. Wapo wanaopapenda, utawajua, lakini usianzie hapo.

Papasa kwa kuhesabu moja mpaka tatu, kisha acha, mkono ukibaki karibu. Hapa ndipo pana siri yote ya hatua hii. Akisogea na kukusukuma, endelea. Akikaa kimya, mwache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent, Uingereza, waliwafundisha watu mpango wa aina hii mwaka 2021, wa kumwachia paka uchaguzi, kumtazama mwili, na kugusa zile sehemu za kichwani, na paka hao hao wakawa wapole zaidi na wakauma kidogo kuliko walipopapaswa kiholela.

Simama mara moja ukiona mkia unachapa, masikio yanalala pembeni, ngozi ya mgongo inatetemeka, mkoromo umekatika ghafla, au kichwa kinageukia mkono wako. Anayeng'atwa "bila sababu" mara nyingi amepewa onyo hizo zote na hakuziona.

Hatua ya 6: Mjibu kwa lugha yake, siyo kwa yako

Rudi kwenye daftari. Wiki mbili zikiisha utakuwa na paka mmoja aliye wazi mbele yako.

Kama ni wa kupakatwa, mpe paja kila siku saa ile ile, hata kama ni dakika kumi baada ya chakula cha jioni. Paka hawa huumia mwenyewe wao akisafiri. Mwachie nguo uliyoivaa, isiyofuliwa, mahali anapolala.

Kama ni mfuasi asiyetaka kuguswa, mpe mahali pa kukaa katika kila chumba unachotumia sana: kigoda, kiroba kilichokunjwa, ubao dirishani. Mfumbie macho anapokutazama. Mtaje jina unapopita. Huo kwake ndio kupakatwa. Nimewaona wengi wa namna hii wakisogea sentimita kwa sentimita mwaka mzima, kisha siku moja ya baridi ya Julai wakalala juu ya miguu ya mtu. Wengine hawafiki huko kamwe, na uhusiano wao haujapungua kwa lolote.

Kama ni msemaji, mjibu. Akilia nyau, sema neno, subiri, mwache aseme tena.

Kama ni mwindaji na mchezaji, mapenzi yake yako kwenye mchezo. Kamba yenye unyoya wa kuku mwishoni, uvutwe ukimkimbia paka kama panya anavyokimbia, siyo ukimjia usoni, dakika tano au kumi magharibi. Mwache aukamate mwishoni, kisha mpe chakula. Usimchezeshe kwa vidole. Anayefundishwa kuwa mkono ni windo hatajua lini mkono ni wa mapenzi.

Na kama ni mwoga wa kweli, yule wa kujificha mvunguni, kazi yako ni moja: uwe mtu anayetabirika. Chakula saa ile ile, bakuli lile lile, wewe umekaa mbali kidogo ukisoma kitu kwa sauti ya chini. Sogeza bakuli kidogo kuelekea ulipo kila baada ya siku kadhaa. Akirudi nyuma, nawe rudisha bakuli. Usimtoe mvunguni kwa nguvu hata mara moja, kwa maana utabomoa kazi ya miezi.

Inafaa kujua kwamba kushikamana na mtu si jambo la paka wachache wenye bahati. Kristyn Vitale na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, waliweka watoto wa paka na wenyewe wao katika chumba kigeni, mwenyewe akatoka dakika mbili, akarudi. Karibu thuluthi mbili walitulia aliporudi, wakamsalimu na kuendelea kuchungulia chumba. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2019, na kwa paka wazima matokeo yalikaribiana na hayo. Jaribu nyumbani kwako: tazama paka wako hufanya nini katika dakika ya kwanza baada ya kurudi kwako kutoka safari. Anayekusalimu kidogo na kwenda zake amepata alichokitaka, yaani kujua kwamba umerudi.

Hatua ya 7: Panga nyumba yenye watu wengi

Kwenye nyumba ya familia paka humchagua mmoja, na wengine huona wivu. Sababu haina uchawi. Mara nyingi ni yule anayekaa kimya, anayempa chakula bila kelele, au asiyejali kumgusa. Ndiyo maana mgeni asiyependa paka ndiye anayerukiwa pajani sebuleni: yeye peke yake hamkodolei macho wala kumwita. Anayetaka kupendwa achukue kazi ya kumlisha na kumchezesha, awaachie wengine kazi ya kumpa dawa.

Watoto wafundishwe mambo mawili tu, watayakumbuka: usimfuate paka anayeondoka, na usimshike aliyelala. Mtoto mdogo asiachwe peke yake naye. Paka awe na njia ya kupanda juu, kabatini au dirishani, ambapo mkono wa mtoto haufiki. Paka mwenye pa kukimbilia hana haja ya kukwaruza.

Mkiwa na paka wawili au zaidi, kila mmoja awe na bakuli lake mbali na la mwenzake, na kama mnatumia masanduku ya mchanga ya kujisaidia, yawe mengi kuliko idadi ya paka. Mnyonge huacha kuja kwa watu kwa sababu mbabe amekaa njiani. Mpe nafasi yake peke yake, mlango umefungwa, robo saa kwa siku. Ukiona anageuka mtu mwingine humo chumbani, ujue hakukosa mapenzi, alikosa nafasi.

Hatua ya 8: Tabia ikibadilika ghafla, tafuta ugonjwa kwanza

Daftari lako sasa lina faida nyingine. Paka aliyekuwa wa pajani akaanza kujificha, au mkavu akaanza kukung'ang'ania usiku na mchana, huenda anaumwa. Meno, masikio, jeraha la kung'atwa lililotunga usaha chini ya manyoya, viungo vya uzee vinavyomzuia kuruka kwenye kiti. Mpapase taratibu mwili mzima, angalia ufizi, angalia kama anakula na kunywa, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo. Dume linalochuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka lipelekwe siku hiyo hiyo, kwa sababu mkojo ukiziba huua ndani ya muda mfupi.

Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Parasetamoli, hata kipande cha kidonge, ni sumu kwa paka. Dawa za kupe na viroboto za mbwa zenye permethrin nazo humuua. Nunua iliyoandikwa kuwa ni ya paka, na uulize kipimo kwa uzito wake.

Mchanje kichaa cha mbwa, kwa kuwa paka naye hukipata na hukiambukiza. Paka, hata wako mwenyewe ambaye hajachanjwa, akikung'ata au kukukwaruza damu ikatoka, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri kuona paka atakuwaje. Paka mpole sana wa mtaani ambaye jana alikuwa anakimbia watu, leo anakuja mwenyewe akiyumba au akidondosha udenda, usimguse wala usiwaruhusu watoto wamguse. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo ya kata yako.